Televisheni imekufungia nje? Tafuta kwanza aliyeshika kufuli

Skrini imeingia giza, katikati kuna kisanduku chenye nafasi nne za tarakimu, na juu yake neno Locked au Enter PIN. Mama hakumbuki aliweka nambari gani, baba anasema hakuwahi kuambiwa, mtoto anaapa hajagusa kitu, na taarifa ya habari ya saa moja imeshaanza. Hapo ndipo watu huanza kubahatisha: 0000, 1234, mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba, tarakimu za mwisho za simu ya nyanya, mpaka kifaa kinakataa kupokea jaribio lingine kwa muda.

Natengeneza televisheni hapa Nairobi, na kazi za namna hii huongezeka shule zinapofungwa, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Wengi wanaoniletea seti zao tayari wana nambari sahihi kichwani. Wanaipiga mahali pasipo pake. Sebule ya kawaida siku hizi ina televisheni, dekoda, programu kama Netflix na YouTube, akaunti ya Google ya mzazi mmojawapo, na ruta ya Wi-Fi ukutani. Kila kimoja kinaweza kufunga, na kila kimoja kina nambari yake. Ukipiga nambari ya dekoda kwenye kufuli la televisheni, utapiga mpaka kuche.

Na jambo jingine nalisema kwa uzito: kufuli hilo liliwekwa na mtu, na mara nyingi aliliweka kwa ajili ya mtoto. Kabla ya kulivunja, mpigie simu. Muulize mwenzako, muulize dada anayeshinda na watoto nyumbani, muulize ndugu aliyekuja kukusaidia kuiunganisha siku iliponunuliwa. Kama wewe ndiye mtoto uliyefungiwa, ongea na wazazi wako. Mengi yaliyo hapa chini huacha alama, na wataona.

Hujui ni kifaa gani kinachouliza

Anza hapa hata kama unadhani unajua. Ujumbe ukiwa bado kwenye skrini, upige picha kwa simu. Maneno yake, rangi yake na mahali ulipokaa ni ushahidi, na ukija kuwapigia huduma ya wateja au fundi, picha hiyo itakuokolea maelezo mengi.

Kisha zunguka nyuma ya televisheni uchomoe kebo ya HDMI inayotoka kwenye dekoda, au zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe kama dekoda yako ni ya zamani. Tazama skrini. Ujumbe ukitoweka na pakaandikwa No Signal, aliyekuwa akiuliza ni dekoda. Ukibaki palepale, anayeuliza ni televisheni yenyewe. Hatua hii haigharimu chochote, haiharibu chochote, na huondoa nusu ya mkanganyiko.

Ikiwa huna dekoda, au tatizo liko kwenye programu za intaneti, fungua programu mbili tofauti. Moja ikiuliza nambari na nyingine isiulize, kufuli ni la programu hiyo. Zote zikiuliza kabla hata hazijafunguka, kufuli ni la televisheni au la akaunti iliyoingizwa humo. Na kama hakuna nambari inayoulizwa popote, ila video fulani hazifunguki au intaneti hukatika kwenye televisheni peke yake huku simu zote nyumbani zikiendelea vizuri, washa hotspot ya simu yako na uiunganishe televisheni kwa dakika moja. Ikifanya kazi kwa bando la simu na ikakataa kwa Wi-Fi ya nyumbani, kufuli limo kwenye ruta, na hakuna kitufe cha rimoti kitakacholifungua. Ingia kwenye mipangilio ya ruta kwa simu, au mpigie aliyekuwekea intaneti, mtafute televisheni yako kwenye orodha ya vifaa vilivyowekewa mipaka ya muda au ya tovuti.

Televisheni inaomba nambari kwenye chaneli, kwenye HDMI au unapoingia mipangilio

Hili ndilo linaloleta wateja wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Televisheni hutoka kiwandani na nambari yake. Kwa Samsung na LG nambari hiyo ni 0000. Lakini kuna mtego unaowanasa walionunua ex-UK, yaani seti iliyotumika Uingereza, au iliyotoka bara Ulaya: nchi iliyochaguliwa wakati wa kuiwasha mara ya kwanza hubadilisha nambari. Samsung iliyowekwa Ufaransa au Italia huanza na 1111. LG iliyowekwa Ufaransa huanza na 1234, na haikubali 0000 iwe nambari yako. Kwa hiyo kama ulinunua seti iliyotumika na 0000 inakataliwa, jaribu hizo kabla ya kuamua kwamba mwenyewe wa zamani aliibadilisha. Kwa chapa nyingi za bei nafuu zilizojaa madukani Luthuli Avenue, 0000 na 1234 ndizo za kujaribiwa. Zikikataa, acha kubahatisha.

Samsung yenye rimoti ya vitufe vya tarakimu ina njia ya kurudisha nambari mwanzoni bila kufuta kitu kingine. Izime kwa rimoti lakini uiache kwenye stima, taa nyekundu ikiwaka. Bonyeza Mute, 8, 2, 4, halafu Power, kwa mfululizo bila kukawia. Itajiwasha, na nambari itakuwa 0000. Isipojiwasha, ulichelewa kati ya kitufe na kitufe. Izime tena na urudie kwa mwendo wa haraka zaidi. Kwa Samsung za karibuni zenye rimoti ndogo isiyo na tarakimu, televisheni iwe imewaka: bonyeza kitufe cha sauti kwa ndani, kisha ongeza sauti, Return, punguza sauti, Return, ongeza sauti, Return.

Kwa LG, ingia mipangilio, nenda sehemu inayoitwa Safety (kwenye seti za zamani huitwa Lock), usimame kwenye kubadilisha nambari ya siri. Inapokuuliza nambari ya sasa, usiandike tarakimu. Bonyeza chaneli juu, juu, chini, juu. Kisanduku kipya kitatokea. Andika 0325 kisha OK, na utaruhusiwa kuchagua nambari mpya. Kitufe ni kile cha kubadilisha chaneli, si mshale wa kupandia menyu. Wengi hukosea hapo na kusema njia haifanyi kazi.

Sony Bravia za zamani zilizouzwa Ulaya, zile zisizo na Android, hupokea 9999 hata kama nambari ilibadilishwa. Bravia zenye Android au Google TV hazina mlango wa namna hiyo. Nambari ikipotea, inabidi uirudishe seti kama ilivyotoka kiwandani, na nitafika huko mwishoni.

Kwa Hisense, TCL, Vitron, Vision Plus na nyinginezo, ushauri wangu ni kutafuta nambari ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma, kisha uwasiliane na muuzaji au mtengenezaji ukiwa na hiyo nambari, nambari ya seti na risiti. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kutotupa risiti pamoja na katoni. Wakati mwingine wanakupa nambari ya kufungulia. Wakati mwingine wanakuelekeza jinsi ya kuirudisha mwanzoni.

Mambo mawili usiyafanye. La kwanza ni kuchomoa televisheni usiku kucha ukitumaini itasahau. Nambari ya siri huandikwa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme, ndiyo maana hata stima ikipotea siku nzima mtaani, chaneli zako unazikuta zilivyokuwa. Kuchomoa kwa dakika chache husaidia televisheni iliyoganda, kufuli halitaguswa. La pili ni kuingia menyu ya mafundi kwa mchanganyiko wa vitufe uliouona kwenye video fulani. Menyu hiyo ina chaguo la aina ya kioo. Ukiligusa bila kujua, picha inaweza kugeuka juu chini, ikakosa rangi, au skrini ikabaki nyeusi kabisa, na kazi iliyokuwa ya dakika tano ikawa ya kuandika upya programu ya ubao. Nimepokea seti nyingi zilizoharibiwa hivyo kuliko zilizoharibiwa na kufuli lenyewe, na inauma kumwambia mzazi gharama yake.

Menyu haifunguki kabisa, au sauti inagota mahali pamoja

Hapa huulizwi nambari. Unabonyeza Menu, hakuna kitu, au unaona ujumbe kwamba kitendo hicho hakiruhusiwi. Sauti inapanda mpaka kiwango fulani na kukwama. Kila ukiiwasha inaanzia chaneli ileile au HDMI ileile.

Hiyo ni hali ya hoteli. Watengenezaji waliiweka ili mgeni wa chumbani asibadilishe mipangilio na asiwasumbue majirani kwa kelele. Seti za hoteli zikichoka huuzwa, na nyingine huishia kwenye maduka ya vitu vya mitumba hapa mjini. Familia inaiweka sebuleni na kudhani imefungwa kwa ajili ya watoto.

Kwa Samsung, televisheni ikiwa imewaka, bonyeza Mute, 1, 1, 9, halafu Enter. Menyu ya hoteli itafunguka. Tafuta mstari wa juu unaotaja hali hiyo, uuweke OFF, uzime televisheni na kuiwasha tena. Usiguse mistari mingine. Chapa nyingine zina njia zao, na kwa hizo ni heri umwachie fundi anayeijua modeli.

Ikiwa seti si yako, kwa mfano umepanga nyumba yenye samani Kilimani au Westlands kwa siku chache, usijaribu lolote kati ya haya. Mwandikie mwenye nyumba. Humo ndani mna akaunti zake, na ukizifuta utakuwa umemwingiza hasara asiyoistahili.

Vitufe vya televisheni haviitikii, rimoti inafanya kazi (au imepotea)

Kuna kufuli la vitufe pekee. Huandikwa Child Lock, Key Lock au Panel Lock, na kazi yake ni kumzuia mtoto mdogo asibonyezebonyeze vitufe vilivyo chini au pembeni ya seti. Mara nyingi halina nambari. Ukiwa na rimoti, ingia mipangilio, sehemu ya mfumo au ya jumla, na ulizime. Basi.

Ugumu huja rimoti ikipotea au ikifa. Kwanza hakikisha imekufa kweli: washa kamera ya mbele ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye lenzi, ubonyeze kitufe chochote. Ukiona mwanga wa zambarau ukimeta, rimoti inatoa ishara na tatizo liko kwingine. Kamera ya mbele ni bora kwa jaribio hili, kwa kuwa za nyuma huwa na kichujio kinachouficha mwanga huo. Usipoona kitu, badilisha betri kabla ya kununua nyingine.

Bila rimoti una njia kadhaa. Baadhi ya simu zina kitoa mwanga wa infraredi juu yake, kama ule wa rimoti, na programu ya rimoti ndani. Chagua chapa ya televisheni yako na ujaribu. Televisheni za Google na Android hupokea kipanya cha kompyuta kwenye tundu la USB, na mshale hutokea kwenye skrini mara moja. Ikiwa simu yako na televisheni ziko kwenye Wi-Fi moja, programu ya Google TV kwenye simu inageuka rimoti: televisheni inaonyesha nambari, unaiandika kwenye simu, mmeunganishwa. Ukinunua rimoti ya kila chapa, mwambie muuzaji aijaribu kwenye modeli yako, na uone kama kitufe cha Menu kinaitikia. Kuna nyingine hubadilisha chaneli na sauti vizuri lakini hazifungui menyu, na hapo hazitakusaidia.

Dekoda ndiyo iliyofunga

Ile hatua ya kuchomoa kebo imekuonyesha ni dekoda. Kwa DStv nambari ya mwanzo ni 1234. Dekoda za chaneli za bure, zile ulizonunua mara moja na hulipii kila mwezi, nyingi hutumia 0000, au 000000 zikitaka tarakimu sita. Nambari ikiwa ilibadilishwa na kusahaulika kwenye dekoda ya kulipia, piga simu huduma ya wateja ukiwa na nambari ya kadi au ya dekoda mkononi. Watataka kuhakikisha ni wewe mwenye akaunti, kwa hiyo apige aliyeisajili.

Lakini soma ujumbe vizuri kabla ya kupiga. Kwenye DStv, E16 ni suala la malipo au chaneli kutokuwemo kwenye kifurushi chako. Haihusiani na kufuli la mzazi. Watu wengi wakiona chaneli haionekani hudhani mtoto amefunga, wakamgombeza bure.

Baadhi ya vipindi tu ndivyo vinavyofungwa

Habari inaonekana, mchezo wa kuigiza unaonekana, filamu ya usiku inaomba nambari. Kesho yake chaneli hiyohiyo haina shida. Hili ni kufuli la umri, na linafaa kueleweka vizuri, maana ndilo wazazi hulitegemea bila kujua mipaka yake.

Kituo cha televisheni kinaporusha matangazo ya kidijitali kinaweza kuambatanisha na kila kipindi tarakimu ya umri. Katika mfumo wa DVB unaotumika Kenya, tarakimu hiyo ni kuanzia 1 hadi 15, na televisheni huongeza 3 kupata umri wa chini kabisa: 9 maana yake miaka 12, 15 maana yake 18. Televisheni yako hulinganisha hiyo na umri uliouweka kwenye mipangilio na kuamua ifunge au iache. Kwa hiyo ukiona vipindi vya kawaida vinafungwa, kuna mtu aliweka umri wa chini sana, labda miaka 4 au 5. Ingia kwa nambari, uupandishe.

Zile alama unazoziona kwenye kona ya skrini, GE, PG, 16 na 18 za Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, ni za macho ya mzazi. Televisheni haizisomi. Kituo kisipotuma tarakimu ya umri, kufuli la umri huacha kila kitu kipite hata kama kona inasema 18. Kanuni za utangazaji nchini zinataka vituo vijizuie na maudhui ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Baada ya hapo mzigo ni wako. Ukitaka ulinzi wa kweli usiku, funga chaneli nzima, usitegemee umri.

Televisheni iliyoletwa kutoka Marekani ina mpango tofauti kabisa, wenye alama kama TV-14 na TV-MA. Seti zinazouzwa huko za inchi 13 na zaidi zililazimika kuwa na chipu ya kusoma alama hizo kuanzia mwaka 2000. Haisomi tarakimu za matangazo ya hapa.

Inajifunga au kujizima saa fulani

Tazama saa ya televisheni kabla ya kitu kingine chochote. Ex-UK ambayo bado iko kwenye saa za London iko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, au mbili wakati wa kiangazi chao. Mzazi aliyeweka ifungwe kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi atakuta watoto wanatazama mpaka saa sita usiku, halafu Jumamosi asubuhi televisheni inakataa mpaka saa tatu. Nambari ni sahihi, kufuli ni sahihi, saa ndiyo inayodanganya. Weka eneo la saa liwe Nairobi.

Ikijizima baada ya muda wa saa nne bila mtu kugusa rimoti, hilo ni agizo la kuokoa umeme lililozoeleka kwenye seti za Ulaya. Lizime kwenye mipangilio ya nishati.

Programu moja tu ndiyo imefungwa

Netflix: kufuli la wasifu hufunguliwa kwa nenosiri la akaunti. Ingia kwenye tovuti yao kwa simu, fungua mipangilio ya wasifu husika, chagua kwamba umesahau nambari, andika nenosiri la akaunti, uweke nambari mpya. Televisheni haihitaji kuguswa.

YouTube ikikuficha video bila kuuliza nambari, tafuta Restricted Mode kwenye mipangilio ya programu hiyo. Ikikataa kuzimwa, huenda iliyoingizwa humo ni akaunti ya mtoto inayosimamiwa kwa Family Link ya Google, na mzazi ndiye mwenye uwezo wa kuibadilisha kupitia simu yake.

Fire TV ya Amazon hurekebishwa kwenye akaunti ya Amazon, si kwenye televisheni.

Kwa Google TV yenye wasifu wa watoto, rudi kwenye orodha ya wasifu uchague wa mtu mzima. Ukiulizwa nambari usiyoikumbuka, jaribu kwanza kwa akaunti ya mzazi aliyeuunda.

Ujumbe unataja malipo, au seti imekufa ghafla baada ya kuunganishwa na intaneti

Televisheni za kulipia kidogokidogo, nyingi zikija na paneli ya sola kama za M-KOPA na Sun King, hujifunga malipo yakichelewa. Kufuli hilo ni la mkataba. Wasiliana nao, wakithibitisha malipo linafunguka. Anayekuambia ataifungua kwa njia nyingine anakuweka kwenye matatizo. Na ukinunua seti ya namna hii kwa mtu, dai uthibitisho kwamba deni limeisha.

Wizi ni suala jingine. Agosti 2021 Samsung ilitangaza kuzima kwa mbali televisheni zilizoporwa kutoka ghala lake la Cato Ridge huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wakati wa ghasia za Julai mwaka huo. Seti ikiunganishwa na intaneti, nambari yake hulinganishwa na orodha kwenye seva, na ikiwemo inazimwa. Ukiuziwa Samsung mpya kwa bei ya ajabu bila risiti, iunganishe na Wi-Fi hapohapo kabla ya kutoa pesa.

Njia nyingine zote zimekataa: kuirudisha ilivyotoka kiwandani

Hii ni hatua ya mwisho, kwa sababu inafuta kila kitu: chaneli, Wi-Fi, akaunti, programu. Hakikisha una nenosiri la Wi-Fi, la Google na la Netflix. Hakikisha pia tokeni za stima zinatosha. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, seti inaweza kukwama kwenye nembo na isiendelee. Kama mtaa wenu una tabia ya stima kuyumba jioni, fanya asubuhi.

Ukiweza kuingia mipangilio, tafuta Reset chini ya mfumo, jumla au msaada. Itakuuliza nambari ya siri, na ndiyo maana nimeanza na njia za kuirudisha nambari peke yake. Ukishindwa kuingia na seti ni ya Android, ichomoe. Kwa Sony, shikilia kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti vilivyo kwenye seti yenyewe, mtu mwingine achomeke waya, uendelee kuvishikilia mpaka ianze kujifuta. Nyingine nyingi za Android zina kitufe kimoja tu chini ya skrini: kishikilie huku ukichomeka, mpaka menyu ya dharura itokee, uchague kufuta data.

Ikiwaka, chagua nchi Kenya. Orodha ikiwa haina Kenya, chagua Uingereza kisha urekebishe saa kwa mkono. Iache itafute chaneli upya kwa antena. Tangu tuhame analogi mwaka 2015 zote ziko kwenye DVB-T2, mfumo wa kidijitali wa antena, kwa hiyo seti isiyo na T2 haitapata kitu na itahitaji dekoda.

Kisha weka kufuli upya, maana sababu ya kuliweka bado ipo. Chagua nambari ambayo si 0000, si 1234 na si mwaka wa mtoto yeyote nyumbani. Iandike kwenye simu ya mzazi wa pili, si kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya seti. Tumia ileile kwa televisheni na dekoda ili ukumbuke moja. Ukimaliza, zima televisheni kwenye soketi, subiri kidogo, iwashe, fungua chaneli uliyoifunga, na uone kama inauliza na kama inakubali jibu lako.